Tundu Katika Picha ya Harusi

Mume wangu alikata kichwa chake kutoka kwenye picha ya harusi yetu kwa wembe wa kunyolea ndevu, na alipoondoka na kichwa chake akaondoka na mama yangu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, kidogo kwa upande, uso umechomoza juu ya bega la kushoto la bwana harusi. Hiyo ndiyo picha pekee ambayo mama yangu aliwahi kupigwa. Alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua, na mimi nikiwa na mtoto mchanga huku kwenye chai nikapata habari watu wakiwa wameshatoka makaburini. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini ninaandika nikiwa na hasira. Ninaandika nikiwa nayo kwa sababu haijaisha.

Picha ile nilikuwa nimeiwekea ukurasa.

Nina kitabu nilichokitengeneza mwenyewe. Nilikianza baada ya kufukuzwa shule nikiwa kidato cha pili, kule Kisii. Tumbo lilipoonekana, mwalimu mkuu hakuniuliza neno, alinionyesha lango. Aliyenipa tumbo hakufukuzwa popote. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la majani ya chai, na taniboi hana shule ya kufukuzwa. Tulioana katika kanisa la shamba la chai alikofanya kazi, upande wa Boito, Kericho, tukapewa chumba kimoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama meno.

Asubuhi wanawake wote wa laini walienda kuchuma, vikapu mgongoni, na laini ikabaki na kuku, mtoto wangu na mimi. Mume wangu alinikataza kwenda.

"Mke wa dereva hachumi chai," alisema.

"Dereva yuko wapi?"

"Anakuja."

Nikakaa kumngoja huyo dereva. Jirani wa kulia alikuwa Mkipsigis, wa kushoto Mjaluo, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuazima. Jioni tulisalimiana, tukasema mvua, tukasema mtoto, kikaisha. Mvua ya Kericho haina haya. Inakuja kila alasiri, na siku nyingine inakuja na mawe yanayopiga mabati mpaka mtoto analia mbele yako unaona mdomo tu. Siku moja ya namna hiyo nilichukua gazeti kuukuu nikaanza kukata. Sikuwa na sababu. Mikono ilitaka kazi ambayo si nepi.

Karatasi zangu ni za mifuko ya saruji. Kampuni ilikuwa inajenga nyumba nyingine, na mafundi walitupa mifuko bondeni. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa, moja ndani ya nyingine. Ya ndani kabisa imejaa vumbi na ya nje imechanika, lakini za katikati ni safi, rangi ya kahawia iliyotulia. Unazikung'uta, unazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, unazipiga pasi ya makaa isiyokuwa moto sana. Unakata kwa wembe ukifuata ubao ulionyooka. Unashona kwa uzi wa gunia. Jalada langu ni mbao nyembamba za sanduku la chai, na ile karatasi ya fedha inayotandikwa ndani ya sanduku nimeiweka yote, situpi hata kipande cha ukucha, kwa sababu ndiyo mvua yangu. Nikitaka mvua katika ukurasa, naikata nyembamba naibandika ikiwa imelala upande, kama mvua ya huku inavyolala.

Gundi ni unga wa ngano. Koroga kwa maji baridi kwanza, halafu moto, mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Ukurasa wangu wa kwanza uliliwa na mende. Mende wa laini wanapenda gundi ya unga kuliko watu wanavyopenda chapati. Niliamka nikakuta picha zimetobolewa na nyingine zimeanguka. Tangu hapo natia pareto. Kwetu kila boma lilikuwa na pareto, na mtoto wa kwetu anajua kwamba ua lake likikaushwa na kutwangwa hakuna mdudu anayelisogelea. Natia kidogo tu, ukizidisha karatasi inageuka njano.

Picha nilizipata kwa mama wa maziwa. Huyu alikuwa mama wa Kikipsigis wa makamo, ndewe za masikio zimetobolewa na kuning'inia, aliyepita na kibuyu chake kila asubuhi. Alimpelekea maziwa mpishi wa meneja, na mpishi alimpa magazeti ya Kizungu ya kufungia vitu. Alikuwa akiniletea, na hakuacha kunicheka.

"Ara, mama mtoto! Leo tena unapika uji ya karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto analia njaa, mama anapikia karatasi. Nyinyi watu ya shule mna shida."

"Mtoto ameshakula."

"Basi nipe karatasi yako nikae nayo, imeshiba kuliko mimi."

Alikuwa anacheka, lakini alikaa kizingitini akatazama. Ndiye mtu pekee aliyetazama.

Sibandiki siku ile ile. Navipanga vitu juu ya karatasi bila gundi, nasimama mlangoni na mtoto kiunoni, nafumba jicho moja. Jicho linakwenda wapi kwanza? Kama linakwenda kwenye kitu kikali, chekundu au cheupe sana, na si hicho ninachotaka kionekane, nakiondoa hata kama nakipenda. Ukurasa uliojaa ni kama nyumba yenye wageni wengi, humsikii mtu. Vilima sivikati kwa wembe, navichana kwa vidole, kwa sababu karatasi ikichanwa inaacha ukingo mweupe, na ukingo huo ndio ukungu. Chai yangu yote ni nyasi za Uingereza kutoka matangazo ya magazeti. Nyasi zao zinafanya chai nzuri sana. Ukurasa wa mwaka wa kwanza wa mtoto una lebo ya mkebe wa maziwa, kona ya blanketi lake lililoungua, na plasta waliyomfunga mkononi hospitalini, na katikati nafasi tupu, kwa sababu mwaka ule ndio mama alikufa na sikuwa na kitu cha kuweka.

Ukurasa wa mama ulikuwa ule wa katikati ya kitabu, pale karatasi mbili zinapokutana. Vilima vya Kisii nilikuwa nimeshavichana kutoka kwenye mawingu ya gazeti, na vimekaa vizuri. Kilichobaki ni picha. Kila nilipoiweka niliona bado haijakaa, nikaiacha kwanza. Picha ilikaa mle, bila gundi.

Mume wangu akapata nafasi ya kujaribiwa udereva. Alitakiwa kwenda na picha mbili ndogo za uso, za leseni, na alikuwa na moja. Studio mjini walikuwa wanakupiga leo, lakini hawasafishi filamu mpaka watu wengine waje waijaze, na watu wa kujaza filamu hawaji kwa haraka mvua ikinyesha. Siku yenyewe ilikuwa kesho. Mimi nilikuwa mtoni nafua. Niliporudi nilikuta wembe mezani, kitabu kimefunguliwa, na picha ya harusi yetu ina tundu la mraba, limekatwa vizuri, kwa ubao wangu ulionyooka. Mimi nipo na shela yangu. Pembeni yangu limesimama koti lisilo na kichwa.

Jioni ya siku ya pili alirudi akiwa dereva. Alikuwa amenunua nyama.

"Umekata nini?" nikamuuliza.

"Kichwa changu. Nimekata changu tu. Chako kiko pale, sijagusa."

"Na mama?"

"Mama gani?"

"Mama yangu! Alikuwa nyuma yako, hapa, juu ya bega!"

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba nyumba yake ina mlango asioujua. Akaitazama picha. Akatazama tundu.

"Sikumuona," alisema.

Nyama ile nilimpikia, sikuila. Nilisema maneno ambayo hata jirani wa kushoto, asiyejua Kikisii, aliyaelewa, kwa sababu alipunguza redio.  Kesho yake mume wangu alipewa lori, na kazi ya kupeleka masanduku ya chai stesheni ya reli kule Lumbwa, na mara nyingine kubeba mizigo ya shamba mpaka Longisa, mpaka Sigor. Sasa nilikuwa mke wa dereva kweli. Alikuja siku za kubahatisha, akala, akalala, akaenda, na uso wa mama yangu mfukoni mwa shati lake, ndani ya leseni ya serikali.

Nilifikiri nitaupata kwa mpiga picha. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda mjini. Mpiga picha ni mtu wa Murang'a, mwenye pazia lililochorwa ndege ya abiria, na ndiye aliyekuja shambani kwa pikipiki siku ya harusi.

"Karibu mama. Tumpige kijana akiingia kwenye ndege?"

Nikamwambia shida yangu. Hakucheka, nikampenda kwa hilo. Akateremsha mkebe kutoka juu ya kabati na kuufungua. Filamu zilikuwa zimeshikana bonge moja, kama majani ya chai yaliyolala gunia likiwa limefungwa, na zilikuwa na manyoya ya kijivu.

"Mvua ya hapa inaingia hata ndani ya kufuli," alisema. "Niliambiwa nikitoka Murang'a, sikuamini."

Alijaribu kubandua moja kwa kisu. Ikachanika.

"Lakini usilie, mama. Niko na fundi anachora uso vizuri sana, anapaka na rangi. Wewe niambie alikuwa namna gani. Pua?"

Nikafungua mdomo. "Ya kawaida," nikasema.

"Macho?"

"Ya... makubwa kidogo."

"Mashavu? Alikuwa na mwanya?"

Najua mama alivyokuwa anafunga kitambaa. Najua alivyokohoa, najua harufu ya mikono yake wakati wa kuanika pareto. Lakini pua! Nilikaa pale juu ya kigoda cha studio nikitafuta pua ya mama yangu, kila niliyoishika ilikuwa ya mtu mwingine, ya shangazi, ya mwalimu wa kushona. Mwisho nikamweleza uso fulani, kwa haraka, na yule bwana akaweka kalamu chini.

"Mama, huyo unayemsema ni wewe. Kaa sawa nikupige."

Niliondoka bila kuaga. Nilitembea kipande kirefu cha barabara kabla sijakumbuka kusimamisha gari.

Mama wa maziwa aliponiona kesho yake hakunitania. Nikamwambia. Alifikiri, akajipangusa pua.

"Sisi hatuna hiyo maneno ya picha," alisema. "Mtoto akizaliwa, wamama wanamwekea ugoro kidogo hapa, wanaita majina ya wale wamekufa, mmoja mmoja. Akipiga chafya kwa jina ya mtu, basi, huyo mtu amerudi. Zaa mwingine. Atapiga chafya."

"Mimi sitaki chafya, mama. Nataka uso."

"Uso ya nini? Uso inaoza."

Alisema kwa wema. Nilifunga mlango.

Nikaamua kuuchukua nilikoupoteza. Mume wangu akija nitaikata ile leseni kama alivyonikatia picha yangu, na serikali imkamate.

Alikuja Jumapili. Alikula, akalala mchana ule, shati likining'inia kwenye msumari. Nilitoa leseni mfukoni nikaenda nayo mlangoni penye mwanga, wembe mkononi. Nikaifungua. Mume wangu yumo, amekaza uso kama askari. Kando ya sikio lake kuna kitambaa cha mama yangu. Nilikitambua. Chini ya kitambaa, pale paji la uso linapoanzia, afisa alikuwa amegonga muhuri. Ndivyo wanavyofanya, muhuri unagongwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi ili mtu asiibadilishe. Wino wa zambarau umeingia wote, mnene, umetambaa. Ngao ya serikali imekaa juu ya uso wa mama yangu, na chini ya ngao hakuna kitu.

"Ukikata hiyo," mume wangu alisema kutoka kitandani, "tutakula karatasi zako."

"Wewe uliona. Kila siku unafungua hii kitu unaona!"

"Naonyesha polisi. Sitazami."

"Hutazami! Hukumwona kwenye picha, huoni hapa. Wewe una macho ya nini? Unaendesha lori na nini?"

Alikaa kitako. Akatafuta viatu kwa miguu.

"Nimtazame mama yako?" aliniuliza. "Kweli wewe ulitaka nimtazame?"

Nikashusha wembe, kwa sababu nimezaliwa Kisii. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hakai naye benchi moja, akimwona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Tunaiita chinsoni, na asiyeishika huitwa mnyama. Mimi mwenyewe nilimsifu mume wangu kwa hilo, kwamba taniboi ana adabu kuliko walimu.

"Hata kwenye picha?" nikasema.

"Hata kwenye picha. Jicho likifika pale linaruka lenyewe. Siku ile nilikuwa natafuta kichwa changu, nilikata haraka, kwa sababu nilijua kuna mtu hapo na sitakiwi kukaa hapo. Baadaye uliponiuliza sikujua niseme nini. Ningesemaje? Kwamba nilimkata kwa heshima?"

Nilitaka kucheka, nikawa na hasira zaidi.

"Na yeye alikuwa anafanya nini nyuma yako?" nikauliza. "Mahali pa mama mkwe ni kule mwisho."

Hapo ndipo nilipoona mume wangu anaona aibu. Alishuka kitandani, akafunga mlango mchana kweupe, akaongea polepole.

"Lile koti lilikuwa la nyapara. Unajua alivyo na tumbo. Mpiga picha alipiga kelele kwamba nimevaa hema. Watu wote walikuwa wamegeukia kamera. Nikasikia mtu nyuma yangu ameshika koti, amelikusanya kiunoni, likakaza. Nilijua ni nani. Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi. Akaniambia bila kufungua mdomo, 'Nyamaza. Hatujagusana. Nimeshika koti.'"

"Mama alisema hivyo?"

"Nimeshika koti. Ndiyo neno pekee aliwahi kuniambia."

Nilichukua kitabu nikaitoa picha. Koti lisilo na kichwa, linalomkaa mtu vizuri. Nilikuwa nimeangalia tundu tu miezi yote ile. Upande wa kushoto wa kiuno, pale niliposhika maua yangu karibu, kuna mkunjo wa kitambaa, na mkunjo huo una vidole viwili na gumba. Vimebana kweli, kucha zimeingia kwenye nguo. Kidole cha shahada kimepinda pale juu, kilivunjika akiwa msichana. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Sikumwambia mume wangu asante. Jumatatu aliondoka na lori lake.

Nilifanya kazi ile wiki nzima. Tatizo lilikuwa mimi. Kila nilipoweka picha juu ya vilima na kusimama mlangoni, jicho lilikwenda kwenye shela yangu, nyeupe kama sabuni, na mtu asingefika kwenye vidole hata kwa kuongozwa. Nilijaribu kuchana ukungu na kuuweka juu ya shela. Ukabaki uso wangu unaotabasamu kama mjinga. Uso nao nikaufunika. Nikajifunika mpaka kwenye maua, bibi harusi akaisha, na hapo jicho halikuwa na pengine pa kwenda: koti, na mkono wa mtu nyuma yake, unashikilia. Tundu sikuliziba. Karatasi ya saruji inaonekana pale. Gundi nilitia pareto mpaka nikapiga chafya, na mama wa maziwa aliyekuwa kizingitini akaniangalia kwa jicho la kuuliza, nikamwambia, "Hapana, mama. Ni unga."

Alivitazama vidole. "Huyu alikuwa mtu ya kazi," alisema. 

Mume wangu aliporudi nilimwekea ukurasa mezani, karibu na sahani. Nilitaka aone. Sijui nilitaka nini tena zaidi ya hapo. Nilitaka tuwe wawili tuliomwona. Alinawa mikono. Akatazama vilima, akatazama lile tundu lake, jicho likateremka kwenye koti, likafika kiunoni, na hapo likaruka likaenda ukutani kwenye msumari wa shati.

"Nzuri," aliuambia ukuta. "Imetoka vizuri sana."

"Tazama."

"Nimetazama."

"Tazama, baba. Amekufa."

Alivuta sahani akaanza kula, mgongo umeinama, kama mtu aliyekaa mezani na mkwe. Nilifunga kitabu ili apate kumeza. Akilala nitakifungua.